Kurudia Amri Hewani

Leo nataka kuwasimulia historia ya desturi moja ndogo sana, ambayo mtu akiisikia mara ya kwanza huweza kucheka.

Kila mmoja wetu alipokuwa mtoto alipata kutumwa. Mama humwita mtoto na kumwambia, "Nenda kwa shangazi yako, mwambie anipe vibaba viwili vya mchele na ile sufuria ndogo, si kubwa, na mwambie nitakwenda kwake Ijumaa." Mtoto hugeuka ili apige mbio, lakini mama humshika mkono. "Hebu sema nilivyokuambia." Mtoto husema: vibaba vitatu, sufuria kubwa, Ijumaa. Basi hapo mama hujua kwamba maneno yaliyotoka kinywani mwake siyo yaliyoingia masikioni mwa mwanawe. Asingalimwuliza, angaliletewa sufuria asiyoitaka, na hasara yake ingalikuwa ndogo. Watu nitakaowasimulia leo walitumwa angani, na hasara yao haikuwa ya sufuria.

Desturi yenyewe ndiyo hii. Rubani wa ndege hawezi kuruka wala kutua katika kiwanja kikubwa kwa kupenda kwake. Kuna mtu mnarani, tutamwita mwongozaji, ambaye kwa redio humpa ruhusa: ruka sasa, ngoja, panda mpaka futi kadha wa kadha, shuka mpaka futi kadha wa kadha, geuka upande huu. Rubani akiisha kuisikia ruhusa hiyo, hatakiwi kujibu "Vema" wala "Nimesikia". Hutakiwa kuyarudia maneno yale yale aliyopewa, pamoja na hesabu zake, na mwongozaji hutakiwa kunyamaza na kusikiliza kama yamerudi sawasawa.

Jambo hili ni la zamani kuliko ndege. Katika merikebu za moshi, afisa akitoa amri ya usukani, yule ashikaye usukani hauzungushi kimya kimya. Kwanza huirudia amri kwa sauti, kisha huitimiza. Hata zamani za simu ya waya, mtu aliyepeleka habari kubwa, mathalani bei ya mali, aliweza kulipa fedha zaidi ili maneno yake yarudishwe kule yalikotoka na kulinganishwe neno kwa neno. Wasiotaka kulipa waliichukua hatari wenyewe. Na kila aliyepata kusafiri kwa gari la moshi katika njia yenye reli moja amemwona dereva akingoja stesheni mpaka apewe idhini ya kuendelea, maana magari mawili yakikutana katika reli moja hapana pa kupishana.

Lakini angani, watu walidhani, nafasi ni tele. Safari za kila siku za abiria kati ya London na Paris zilianza mwezi wa Agosti, 1919, muda mfupi baada ya Vita Kuu ya kwanza. Rubani wa siku zile aliruka alivyopenda. Alitazama chini, akaifuata barabara au reli aliyoijua, kama mtu afuataye njia ya kwenda sokoni. Tarehe 7 Aprili, 1922, kulikuwa na ukungu kaskazini ya Ufaransa. Ndege moja ya Kiingereza iliyochukua barua ilikuwa ikienda Paris, na ndege moja ya Kifaransa yenye abiria watatu ilikuwa ikitoka huko. Marubani wote wawili walikuwa wakishuka chini ili waione barabara ile ile, kila mmoja akija kumkabili mwenziwe. Zikagongana, wakafa watu wote saba waliokuwamo. Nafasi ilikuwa tele kweli, ila wote walikuwa katika uzi mmoja wa barabara.

Baada ya msiba ule zikawekwa njia za angani, na kazi ya kuwaangalia marubani ikazidi kupewa heshima. Kiwanja cha Croydon, kusini ya London, kilikuwa na mnara wake tangu mwaka 1920, na watu wake walizungumza na marubani kwa simu ya upepo, ndiyo redio. Pale Croydon ndipo alipokuwapo Bwana Frederick Mockford, mkubwa wa redio, ambaye mwaka 1923 alitakiwa atafute neno la kuombea msaada wakati wa hatari. Herufi za merikebu, S.O.S., hazikufaa, kwa kuwa sauti ya S hupotea upesi katika mlio wa redio. Akachagua neno "Mayday", nalo limetoka katika maneno ya Kifaransa yenye maana ya "nisaidie", maana ndege nyingi za Croydon zilikwenda Paris na kurudi. Angalieni hapo, wanafunzi: tangu mwanzo kabisa watu wa redio walijua kwamba neno zuri si lile lenye maana nzuri tu, bali ni lile lisiloweza kusikiwa kuwa neno jingine.

Huko Marekani mambo yalianza kwa bendera. Katika kiwanja cha St. Louis, mwaka 1929, mtu aitwaye Archie League alikuwa akienda uwanjani kila siku na toroli lake, ndani yake mna kiti, mwavuli, maji, chakula chake na bendera mbili. Nyekundu maana yake ngoja. Ile ya mirabaraba maana yake endelea. Kazi nzuri, lakini bendera haijibiwi. Mwenye bendera hawezi kujua kama rubani ameona nyekundu au ameona jambo jingine, mpaka amwone akifanya. Mwaka uliofuata kiwanja cha Cleveland kikapata mnara wenye redio, na mazungumzo ya pande mbili yakawa desturi.

Hata hivyo si kila mahali palipokuwa na mazungumzo ya ana kwa ana. Mwezi wa Desemba, 1935, makampuni ya ndege yalifungua nyumba ya kuongoza safari huko Newark, karibu na New York, na mwaka uliofuata Serikali ya Marekani ikaitwaa kazi hiyo. Waongozaji wale walikuwa na ramani, ubao wa kuandikia, na simu ya waya. Redio ya kusema na rubani hawakuwa nayo. Ruhusa ilipitia kwa mtu wa kampuni au mtu wa redio, naye ndiye aliyemwambia rubani. Neno lililopita vinywa vitatu lina hatari tatu za kupotea, na dawa ilikuwa moja tu: lirudishwe lilikotoka.

Kwetu Afrika ya Mashariki ndege za kampuni ya Imperial Airways zilianza kuleta barua kutoka London mpaka Mwanza mwaka 1931, na mwaka 1932 safari zikaendelea hata Cape Town. Kuanzia mwaka 1937 zikaja ndege za kutua majini, ambazo ziliteremka Kisumu, Mombasa na Dar es Salaam. Wazee wetu wa pwani walikuwa wakizisimulia namna zilivyopasua maji. Ndege zilikuwa chache, na angani mwetu palikuwa patupu. Rubani aliogopa radi na milima kuliko kumkuta mwenziwe.

Sasa nitawaeleza mambo yaliyotukia kwetu, ambayo kwa maoni yangu hayajasimuliwa vya kutosha, labda kwa sababu hakufa mtu.

Kiwanja cha Embakasi, Nairobi, kilifunguliwa mwaka 1958. Nacho kilijengwa kwa jasho la mahabusi wa siku zile za Hali ya Hatari. Kiwanja hicho kipo juu sana. Kutoka usawa wa bahari mpaka hapo ni futi zaidi ya 5,300. Likumbukeni neno hilo. Marubani wakitaja kimo chao wanapokaribia kiwanja, hupima kutoka usawa wa bahari, wala si kutoka ardhi iliyo chini yao. Basi mtu akiambiwa, "Uko futi 7,500," naye yuko juu ya Embakasi, kwa kweli yuko futi kama 2,200 tu juu ya majani.

Tarehe 3 Septemba, 1974, ndege kubwa aina ya Boeing 747, ya shirika la British Airways, ilikuwa ikikaribia Nairobi katika mawingu. Mwongozaji akawapa ruhusa ya kushuka mpaka futi 7,500, na kwa desturi ya siku hizo hesabu hiyo ilitajwa tarakimu moja moja: saba, tano, sifuri, sifuri. Marubani walisikia tano, sifuri, sifuri, sifuri. Tazameni jinsi hesabu hizi zilivyo ndugu. Ukipoteza ile saba ya mwanzo, kinachobaki ni tano na sifuri mbili, na sikio linalotazamia tarakimu nne hujiongezea sifuri ya tatu lenyewe.

Rubani msaidizi akarudia maneno, kama ilivyo kanuni. Akasema wazi kwamba wanashuka mpaka futi 5,000. Mlinzi alikuwapo mlangoni, wasikilizaji. Desturi ilifanya kazi yake yote, kosa likatoka nje mchana kweupe, likapita mbele ya mwongozaji, naye hakulitambua. Alikuwa ametoa 7,500, na alipojibiwa nadhani moyo wake ulisikia 7,500.

Futi 5,000 katika nchi ile si kimo cha hewani. Ni chini ya ardhi. Ndege ile ilikuwa imepewa kwenda mahali ambapo hata mchimba kisima hajafika. Walakini, ndani ya chumba cha marubani, mwenye saa na mishale mingi mbele yake, hesabu ya 5,000 ni hesabu nzuri isiyotisha; katika viwanja vingi vya dunia mtu aliye futi 5,000 bado yuko juu sana. Ndege ikaendelea kushuka. Ilipotoka chini ya mawingu marubani wakaiona ardhi mbele ya macho, karibu mno, wakatia nguvu zote za mitambo na kuiinua. Wakati wa chini kabisa ilikuwa futi 70 tu kutoka ardhini, nayo ikali na maili kadhaa za kwenda kabla ya kufika kiwanja. Futi 70! Minazi mingine ya pwani inakaribia kimo hicho. Wakapanda tena, wakazunguka, wakatua salama. Naamini abiria wengi walishuka wakitafuta mizigo yao bila kujua walivyopona.

Uchunguzi ulifanywa na taarifa ikaandikwa. Fundisho lake lilikuwa wazi kwa wenye kazi hiyo: kurudia maneno ni nusu ya desturi. Nusu ya pili ni ya yule anayesikiliza, na nusu hiyo ndiyo ngumu, kwa kuwa mtu husikia kwa urahisi lile alilokwisha kulitazamia. Mwalimu akisahihisha insha aliyoiandika mwenyewe huyapita makosa yake mara tatu bila kuyaona. Hata mimi, nilipoandika mazungumzo haya, niliandika tarehe moja vibaya, nikaisoma mara mbili, nikaona ni sawa.

Miaka miwili na nusu baadaye ukaja msiba ambao kila mtu wa ndege anaujua. Siku ya Jumapili, tarehe 27 Machi, 1977, bomu lilipasuka katika kiwanja cha kisiwa cha Gran Canaria, katika visiwa vya Canary vilivyo chini ya Hispania. Ndege zilizokuwa zikienda huko zikapelekwa kisiwa cha jirani, Tenerife, katika kiwanja kidogo cha Los Rodeos. Kiwanja hicho kipo juu, mahali ambapo mawingu hupita ardhini kama moshi. Kilikuwa na njia moja ya kurukia, na ndege zilizorundikana ziliziba njia ya pembeni, hata iliwabidi wanaotaka kuondoka waendeshe ndege juu ya njia ile ile ya kurukia mpaka mwisho wake, kisha wageuke.

Ya kwanza kwenda ilikuwa Boeing 747 ya KLM, shirika la Waholanzi. Nyuma yake ikafuata Boeing 747 ya Pan American, ya Wamarekani, nayo ilitakiwa itoke pembeni kabla ya kufika mwisho. Ukungu ukashuka. Mwongozaji mnarani hakuiona ndege hata moja, wala marubani hawakuonana. Kilichobaki kuwaunganisha ni sauti tu.

Ndege ya KLM ilipogeuka, mwongozaji akawapa ruhusa ya safari: watakwenda njia gani wakiisha kuruka, watapanda mpaka kimo gani, watageukia upande gani. Ruhusa ile haikuwa ruhusa ya kuruka. Ilikuwa maelezo ya safari itakayokuja. Lakini ndani yake mlikuwa na lile neno la "kuruka". Rubani msaidizi wa KLM akayarudia maneno yote, tena sawasawa. Mwishoni akaongeza maneno machache ya Kiingereza yasiyo ya kawaida, yenye maana kwamba wapo katika kuruka. Je, alikusudia kusema wapo mahali pa kurukia, au wanaruka sasa hivi? Mwongozaji alifahamu la kwanza, akajibu kwa neno la kukubali, kisha akawaambia wangoje mpaka awaite. Saa ile ile marubani wa Pan American, walioingiwa na hofu, wakasema kwamba wao bado wamo njiani. Sauti mbili zikikutana katika redio moja hazisikiki zote mbili, hugeuka mlio. Katika chumba cha KLM neno la kukubali lilifika, na mengine yaliharibiwa na mlio.

Wakati huo ndege ilikuwa imekwisha anza kukimbia. Ndani yake palikuwa na mtu mmoja aliyekuwa na shaka, fundi wa ndege, ambaye aliuliza kama yule Mmarekani amekwisha toka njiani. Mkubwa wake, rubani mwenye sifa kubwa katika shirika lao, akamjibu kwa nguvu kwamba ndiyo, ametoka. Hakuuliza tena. Muda mfupi sana baadaye zikagongana. Watu wote 248 wa ndege ya KLM walikufa, na katika ile ya Pan American walikufa 335, wakapona 61. Jumla ya waliokufa ni 583, wala haijatokea ajali ya ndege iliyoua watu wengi zaidi kuliko hiyo.

Mnaona jinsi mambo yalivyo tofauti na ya Nairobi. Huko Embakasi maneno yalirudiwa vibaya na watu wakapona; huko Tenerife ruhusa ilirudiwa vema na watu wakafa. Mtoto aweza kuirudia risala yote ya mama yake bila kukosa, naye akadhani ametumwa sasa, hali mama amekusudia kesho.

Baada ya hapo lugha ya redio ikatengenezwa upya. Lile neno la "kuruka" likafungiwa kama fedha ndani ya sanduku: halitajwi ila wakati ruhusa yenyewe ya kuruka inapotolewa au inapofutwa. Nyakati nyingine zote watu husema "kuondoka". Na ruhusa zenye hatari zikawekewa sharti kwamba lazima zirudiwe kwa maneno, si kwa "Vema": kuingia katika njia ya kurukia, kuivuka, kungoja kando yake, kuruka, kutua, kimo, upande wa kuelekea, na hesabu ya kutengenezea saa ya kimo. Mwongozaji naye amewekewa sharti kwamba asikilize, na akisikia kosa asahihishe hapo hapo, arudiwe tena.

Hesabu zenyewe zilikuwa zimeshughulikiwa kitambo. Mwaka 1956 zilianza kutumika duniani kote herufi za majina, Alfa, Bravo, Charlie na wenzake, ambazo zilichaguliwa baada ya kujaribiwa kwa watu wa lugha mbalimbali. Tisa ya Kiingereza hutamkwa "naina" katika redio, isije ikafanana na tano yao. Msiwacheke Waingereza kwa hilo. Sisi nasi tuna sita na tisa, sauti zile zile zimegeuzwa mbele nyuma, na kila aliyepata kutajiwa bei katika simu mbovu anajua taabu yake.

Hata baada ya yote hayo, tarehe 19 Februari, 1989, ndege ya mizigo ya kampuni ya Flying Tiger ilikuwa ikikaribia Kuala Lumpur, katika nchi ya Malaysia. Mwongozaji akawaambia washuke mpaka futi 2,400, akataja tarakimu moja moja: mbili, nne, sifuri, sifuri. Sasa katika Kiingereza hesabu ya mbili na neno la "mpaka" hutamkwa kwa sauti moja. Marubani walisikia, "Shukeni mpaka nne, sifuri, sifuri," yaani futi 400. Wakajibu kwamba ni vema, nne, sifuri, sifuri. Jibu lile halikusahihishwa. Ndege ikagonga kilima, wakafa wote wanne waliokuwamo. Ilikuwa habari ya Nairobi iliyosimuliwa tena baada ya miaka kumi na mitano, ila mara hii mawingu hayakufunguka.

Ndiyo maana sasa kimo kama kile hakitajwi tarakimu moja moja. Husemwa "elfu mbili na mia nne", na ni vigumu elfu kupotea njiani. Huko Uingereza waongozaji hufundishwa hata kutia neno "kimo" kati ya "mpaka" na hesabu, ili maneno yale mawili yenye sauti moja yasikae pamoja. Juu ya bahari kubwa, siku hizi, ruhusa nyingi hupelekwa kwa maandishi, zikaonekana katika kioo mbele ya rubani. Lakini karibu na viwanja, Nairobi na Dar es Salaam kama kwingineko, kazi bado ni ya kinywa na sikio. Mkimwona rubani kwa mbali, midomo yake ikicheza baada ya kusikiliza, basi anayasema yale yale aliyoambiwa, na mnarani kuna mtu ameinamisha kichwa anamsikiliza.